Namba Saba Ilipotupa Mkia

Ukitaka kumwona Mshale akichemka mpaka mishipa ya shingo imsimame, mwambie tu kwamba pikipiki za zamani ndivyo zilivyo, zikikimbia lazima zicheze. Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye pikipiki kuukuu aliyoipenda kuliko meno yake, aliwahi kuitoa kauli hiyo kwa utani. Akashtukia spana namba kumi na tisa inampita juu ya kichwa na kugonga mlango wa bati.

"Hazichezi!" Mshale alimfokea. "Zinachezeshwa! Kuna mtu kaacha kukaza kitu, au kapachika mzigo mahali pasipo pake. Chuma hakina wazimu. Wazimu tunao sisi."

Mwalimu aliiokota spana, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayekabidhi tuzo. Tangu hapo watu wa mtaa ule wakipita nje ya gereji waliuliza kwa sauti, "Leo zinacheza?" halafu wakatimua mbio wakicheka. Walidhani ni ukali wa uzee tu. Hawakujua chanzo chake, na yeye hakuwa mtu wa kueleza.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Gereji yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba, benchi la mbao limelowa oili mpaka likawa jeusi, ukutani misumari imepigwa safu na kila spana ina msumari wake. Alitengeneza pikipiki za zamani pekee, wala hakukubali nyingine. Kabla hajagusa injini ya mtu alivuta nyuzi mbili kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapiga goti, akafumba jicho moja na kutazama kama matairi yanafuatana. Yasipofuatana, mwenye pikipiki alijuta kuzaliwa.

Jina la Mshale alilipata kwenye kikosi cha kusindikiza misafara ya wakubwa. Aliongoza mbele, pikipiki namba moja, na wenzake walikuwa wakisema ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya tangi lake akiwa mwendo wa mia na arobaini, isimwagike hata tone. Mashine zilikuwa nane, nyeupe, kubwa, za mtindo wa zamani hata kwa wakati ule. Zilipofika zilikuwa na adabu. Kisha wakubwa wakataka king'ora, wakataka redio, wakataka kioo kipana cha kukinga upepo. Gereji ya kikosi ikafunga vyote. Redio na betri yake ziliwekwa ndani ya sanduku la chuma, na sanduku likapachikwa nyuma kabisa, likining'inia kupita ekseli ya tairi la nyuma. Kioo kikafungwa kwenye usukani. Baada ya hapo hakuna aliyezitoa nje kuzijaribu. Zilipakwa rangi, zikapigwa picha, zikaingia barabarani.

Asiyezijua pikipiki hudhani hatari yote iko kwenye usukani. Usukani ukitetemeka katika mwendo wa kawaida, mikono inakuambia mapema na unaweza kuutuliza. Kuna ugonjwa mwingine unaoanzia nyuma, nao ni mbaya zaidi. Ukishapita mia na ishirini hivi, tairi la nyuma linaanza kwenda kushoto na kulia, polepole, kama mtu anayekataa kitu kwa kichwa, na chombo chote kinalifuata. Ukishtuka ukafunga mafuta ghafla au ukakamata breki, umekwisha. Dawa ni kulala juu ya tangi, uzito uende mbele, mikono ilegee, mafuta uyapunguze kidogo kidogo. Lakini nani atakumbuka kulegeza mikono wakati barabara yenyewe inamkataa?

Aliyepanda namba saba alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuimba ndani ya kofia yake ngumu akidhani hasikiki. Siku tatu kabla ya ajali alimfuata Mshale kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Shemeji, ile mashine inatupa mkia. Nimeandika kwenye daftari la hitilafu mara mbili. Mkuu wa gereji kaniambia niache deko."

"Bana magoti kwenye tangi, itatulia," Mshale alimjibu akifunga kamba za buti, bila kuinua kichwa.

"Nimebana mpaka magoti yameota sugu."

"Bana zaidi."

Walicheka wote wawili. Hicho kicheko ndicho Mshale alichokuja kukichukia kuliko kitu kingine chochote maishani mwake.

Siku yenyewe walikuwa wakimpeleka mgeni mkubwa kwenye barabara mpya, pana, iliyonyooka. Amri ilitoka waende mia na arobaini. Mshale alitazama kioo cha pembeni akaona taa ya namba saba inahama kushoto, inarudi kulia, inahama tena, kila safari ikienda mbali zaidi. Akasema kwa sauti ndani ya kofia yake, "Lala, shemeji. Lala mbele. Usifunge mafuta." Kitufe cha redio kilikuwa kwenye usukani, kidole kikakikosa. Taa ikazimika. Msafara haukusimama, kwa sababu msafara hausimami.

Wiki mbili baadaye waliketi watu watatu wa uchunguzi nyuma ya meza ndefu. Mkuu wa gereji alikuwa ameshampitia Mshale nje, akamshika bega kama mzazi. "Una mke na watoto wawili," alimwambia. "Marehemu hatarudi. Usiongee usiyoyajua." Alipoitwa ndani akaulizwa kama chombo kilikuwa na hitilafu, Mshale aliitazama sakafu, akajibu neno moja.

"Sijui."

Daftari la hitilafu halikuonekana. Ripoti ikasema chanzo ni uzembe wa dereva na kupenda kujionyesha. Dada yake alikuwa ameketi nyuma ya chumba kile, na alilisikia lile "sijui" kwa masikio yake. Hakulia. Alimsubiri mdogo wake mlangoni, akamtazama kuanzia buti mpaka kofia, kisha akasema, "Kumbe hujui." Tangu siku ile, kwenye harusi na misiba ya ukoo, alimsalimu kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la pasi. Mwaka haukuisha Mshale akaacha kazi. Ilipita miaka kumi na tisa.

Ndipo daktari wa meno alipoleta mzigo wake juu ya pikapu, umefunikwa turubai. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayeongea na kila mtu kana kwamba amemkalisha kwenye kile kiti chake cha kung'olea.

"Fundi, nimenunua kito mnadani. Kilikuwa kimefungiwa stoo ya serikali miaka na miaka. Injini tamu, sikwambii! Tatizo ni dogo tu. Kikifika mia na kumi kinaanza kukata kiuno. Wenzangu wananiambia za zamani ndivyo..."

"Usimalizie," Mshale alisema.

Turubai likavutwa. Pikipiki ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, vibaya, michirizi imekaukia pembeni. Sehemu ya mbele ilikuwa imebadilishwa. Nyuma, mabano manne mazito ya chuma bado yalikuwa yamechomelewa, yakisubiri sanduku ambalo halikuwepo tena, na daktari alikuwa amefunga sanduku lake mwenyewe palepale. Mshale alichukua kitambaa, akakilowesha petroli, akasugua ubavu wa tangi. Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake palikuwa na nyeupe, na juu ya nyeupe palikuwa na tarakimu ya buluu. Alisugua mpaka ikaonekana yote. Saba.

Daktari alisimulia baadaye kwamba alidhani fundi amepatwa na kiharusi. Alisimama tu, kitambaa kinamdondoshea petroli kwenye viatu.

"Fundi? Nikuletee maji?"

"Nenda nyumbani, daktari. Nitakupigia."

Aliipandisha kwenye stendi, tairi la nyuma likaachana na sakafu. Akalishika kwa mikono miwili, akalivuta upande. Kitu kikagonga ndani, *kluk*. Akalisukuma upande wa pili, *kluk*. Ule mkono wa chuma unaolishika tairi la nyuma hautakiwi kusogea pembeni hata unene wa ukucha. Huu ulisogea nusu ya kidole. Wale waliokarabati sehemu ya mbele baada ya ajali hawakuwa wameugusa, maana nati zake zilikuwa bado na rangi ya kwanza. Alizifungua, akachomoa ule mkono na kuuweka juu ya benchi. Pale zilipopaswa kuwepo bushi za shaba, zile pete zinazoubana mkono usicheze, alikuta vipande viwili vya plastiki nyeusi, vimelika mpaka vimekuwa na umbo la yai.

Alivifuta grisi. Ubavuni mwa kimoja palikuwa na mstari wa buluu, mwembamba, ulionyooka. Aliyatazama mabomba ya maji yanayopita ukutani kwake kwenda jikoni. Meusi, mstari wa buluu.

Mtu alikuwa amechukua msumeno, akakata bomba la maji, akaligongomea ndani ya pikipiki ya kwenda mia na arobaini, akapandisha juu yake baba wa watoto watatu.

Hakunawa. Alivifunga vile vipande kwenye gazeti, akaenda hivyo hivyo na oili mikononi, moja kwa moja mpaka kwa mkuu wa gereji wa zamani. Nyumba ilikuwa na baraza la vigae na vyungu vya maua vilivyopangwa kwa ukubwa. Mzee alikuwa anayamwagilia. Alikuwa amepungua, kola ya shati imemzidi shingo.

Mshale hakumwamkia. Kwa mtu wa umri ule, hilo peke yake lilikuwa tusi, na mzee alilielewa.

"Karibu, kijana wangu. Mbona hivyo, hata salamu?"

Mshale alifungua gazeti mbele ya uso wake. "Hiki nini?"

Mzee akakitazama. Akakitazama sana. Maji ya kopo yakaendelea kumwagika juu ya ua moja mpaka yakafurika vigaeni.

"Mambo ya kale hayo."

"Nimekuuliza ni nini."

"Bushi za shaba hazikuwepo!" mzee akalipuka. "Niliagiza mara tatu, hazikuja. Wakubwa wanataka pikipiki nane barabarani, siyo saba. Nane! Ungefanya nini wewe?"

"Ningesema saba."

"Ungesema!" Mzee akacheka kicheko kikavu. "Wewe? Ulipoulizwa mezani ulisema nini? Mimi nilikata bomba, sawa. Wewe ulikata ulimi wako mwenyewe. Usije hapa kwangu kujifanya msafi."

Ngumi ya Mshale ilikuwa imeshakunjwa na imeshanyanyuka. Aliiona ile shingo nyembamba ndani ya kola pana, akajua pigo moja lingetosha. Akakigeukia chungu cha maua kikubwa kuliko vyote, akakipiga teke kikapasuka, udongo ukatawanyika mpaka mlangoni. Mguu ulimuuma wiki nzima.

"Utaandika," alimwambia. "Utaandika kwa mkono wako ulichofanya."

"Siandiki chochote. Toka."

Akatoka. Njiani alijitukana kwa sauti, watu wakamkwepa. Alimtukana mzee, akawatukana wale watatu wa mezani, kisha akajitukana mwenyewe. Hapo ndipo matusi yalipokataa kuisha.

Alikuwa na rafiki mchonga vyuma, mtu mkimya mwenye mashine ya kuzungusha chuma mtaa wa tatu. Akamchongea bushi mbili za shaba pamoja na pete zake za ndani za chuma cha pua, zinaingia kwa kubanwa, hazina hata pumzi ya nafasi. Mshale alizifunga. Akakaza beringi za shingo ya usukani mpaka usukani ukawa unaanguka wenyewe taratibu kwa uzito wake, bila kukwama wala kulegea. Akatia matairi mapya, akapima upepo wake yakiwa bado baridi. Sanduku la daktari akalitupa nje. Mabano manne akayakata kwa msumeno wa mkono, ingawa alikuwa na mashine ya kukatia, kwa sababu alitaka ichukue muda.

Asubuhi iliyofuata, baada ya daktari kumruhusu kwa simu, aliitoa mpaka ile barabara iliyonyooka. Mia. Mia na ishirini. Kwenye mia na ishirini na tano mwili wake wote ulikuwa unasubiri, mgongo umekaza, meno yameumana. Mia na arobaini. Upepo ukamsukuma kifua. Alilegeza mikono, akaushika usukani kwa vidole viwili vya kila mkono.

Haikutikisika. Ilikwenda kama imewekwa kwenye reli. Kwenye kiungo cha daraja ilidunda mara moja ikatulia, kama mtu aliyejikwaa na kuendelea na safari yake.

Mtu mwingine angefurahi. Mshale alipunguza mwendo, akasimama kando, akavua kofia na kuibamiza chini. Hivyo tu! Vipande viwili vya shaba vinavyoingia kwenye kiganja, na nusu siku ya kazi! Miaka kumi na tisa alikuwa amejifariji kwamba labda mashine zile zilikuwa na kasoro kubwa isiyojulikana, kitu kilichowazidi akili wote. Kumbe hakikuwazidi. Kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari mara mbili, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akiimba ndani ya kofia. Alipiga kelele pale kando ya barabara mpaka sauti ikamkauka. Lori likapita, dereva akampigia honi akidhani anaomba msaada.

Kutoka hapo alikwenda kwa dada yake. Alifika na pikipiki yenyewe, akaizima mbele ya mlango. Dada alitoka akifuta mikono kwa aproni, nywele zimekuwa nyeupe. Aliiona ile tarakimu ya buluu kwenye tangi, akashika fremu ya mlango.

"Umeniletea nini hapa?"

Mshale alimweleza yote akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Alianzia chumba cha kubadilishia nguo. Hakuruka "bana magoti", hakuruka kile kicheko wala mkono begani. Alimpa vile vipande vya plastiki. Dada alivigeuzageuza.

"Bomba," alisema.

"Bomba la maji, dada."

"Watoto wangu wamekua wakiambiwa baba yao alikufa kwa kujionyesha. Shuleni. Kwenye misiba. Mwanangu wa kwanza hajawahi kushika hata baiskeli." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililotisha. "Na wewe ulijua inatupa mkia."

"Nilijua."

Kofi lilimpata shavuni, la mkono mzito wa mtu aliyefua nguo maisha yake yote. Kisha la pili. Hakujikinga. Alipoinua la tatu mkono ukabaki hewani, akaushusha, akaenda ndani. Mshale alidhani mlango utafungwa. Dada akarudi bila aproni, amevaa viatu vya kutokea na mkoba begani.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Pale uliposema hujui. Ukawaambie unajua."

Ofisi ilikuwa imehama ghorofa, meza ndefu haikuwepo tena. Karani wa kwanza aliwaambia jalada limefungwa. Wa pili akasema limepotea. Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alisema lipo, ila mkubwa wake yuko safarini. Dada akaketi kwenye benchi la korido. "Safari ina mwisho," alisema. Walirudi siku ya pili, ya tatu, wiki ya pili. Kwenye lile benchi ndugu wawili walikaa bega kwa bega kwa masaa, na dada hakumsemesha zaidi ya "sogea" na "saa ngapi". Mshale alipoanza kumfokea karani, dada alimfinya paja kama alivyokuwa akimfinya utotoni, akanyamaza. Daktari wa meno alikuja na barua yake kwamba hakuna aliyefungua nyuma ya pikipiki ile tangu mnada. Mchonga vyuma akaja na vipimo.

Mkubwa alipopatikana, alimpa Mshale karatasi nyeupe na kalamu. Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Aliandika alichoambiwa na shemeji yake na siku alipoambiwa, alichomjibu, na nani alimshika bega. Mwishoni akaandika: *Nilipoulizwa nilisema sijui. Nilikuwa najua. Nilisema uongo kwa woga.* Kalamu ilikuwa imetoboa karatasi mahali pawili.

Mkuu wa gereji aliitwa mara tatu, akatuma vyeti vya hospitali mara tatu. Hakuadhibiwa wala hakuandika. Hadi leo anamwagilia maua yake, na Mshale akipita mtaa ule hugeuza njia, maana hajiamini.

Lakini baada ya miezi mitano barua ilitoka. Ilikuwa na aya mbili. Maneno "uzembe" na "kujionyesha" yalikuwa yamefutwa, na mahali pake pakaandikwa kwamba chanzo cha ajali kilikuwa ubovu wa chombo ulioripotiwa na dereva na kupuuzwa. Hapakuwa na samahani.

Dada aliisoma koridoni akiwa amesimama, mara mbili, akifuata mistari kwa kidole. Akatoa simu, akawapigia watoto wake mmoja baada ya mwingine, akawasomea kila mmoja aya zote mbili, kwa sauti ileile, bila kuongeza neno. Mshale alisimama kando, mikono haina pa kwenda.

Simu ya tatu ilipoisha, dada aliikunja barua na kuitia mkobani.

"Umechelewa sana," alimwambia.

"Najua, dada."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Basi usisimame hapo kama mlingoti. Jumamosi wanangu wanakuja. Watataka kukuuliza maswali, na utawajibu yote, hata yakikuuma. Uje mapema, usije na ile pikipiki." Akaanza kushuka ngazi, akashika reli. Katikati akageuka, uso umekunjamana kwa hasira ambayo haikuwa imepungua hata kidogo. "Bomba la maji," alisema tena. "Jamani, bomba la maji!"

Sauti yake ikapanda ngazi zote za jengo lile. Makarani wakatoa vichwa milangoni kutazama, na hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.